Nalusi Hakuitika

Jumanne ile, saa kumi alasiri, Devotha alikuwa anageuza usipa juu ya chanja, na mumewe, Mwalimu Mansuetus, amekaa barazani akipiga mstari kwa rula chini ya kichwa cha sura ya tatu. Usipa wa siku hiyo ulikuwa mdogo na wenye mchanga. Kuku wawili walisimama chini ya chanja wakingoja riziki idondoke. Kutoka upande wa ziwa akapanda msichana, umri wake kama wa mtoto wa kidato cha pili, kajifunga gome la mti lililolowa chapachapa, nywele zimegandamana kwa unga. Alipita katikati ya wale kuku bila kuwashtua.

"Kaa mbali na chanja, mwanangu," Devotha alimwambia. "Utanilowesha samaki."

Msichana akasogea. Akasimama mbele ya Mwalimu na kunyamaza, kama mtu anayengoja haki yake. Mwalimu naye alingoja, kwa kuwa alikuwa na miaka sabini na mmoja na alizoea kuamkiwa kwanza. Maji yakachuruzika kutoka kwenye lile gome, yakafanya mfereji mdogo kuelekea mguu wa meza. Mwishowe Mwalimu aliutazama ule unga kichwani, akalitazama gome, akapiga hesabu ya miaka harakaharaka, akavua miwani.

"Shikamoo," alisema.

"Marahaba," alijibu msichana. "Wewe ndiye unayeniandika?"

"Ndiye mimi."

"Umeandika kwamba nilikwenda kwa hiari. Karatasi yako moja ilipeperushwa Ijumaa, ikaangukia majini. Nimeisoma."

Mwalimu aliikumbuka karatasi hiyo. Alikuwa ameitafuta mpaka uvunguni. Hakumwuliza alikojifunzia kusoma, lakini msichana mwenyewe alieleza, kwa adabu, kwamba wanafunzi hutupa madaftari yao ziwani kila wamalizapo mtihani, na kwamba mtu akikaa majini muda mrefu hukosa kazi. Kiswahili alikipata kwenye jiwe la ufukweni, kwa kuwasikiliza watu wanaokuja hapo kuomba. Zamani waliomba kwa Kimpoto, lugha ya ufukwe ule. Siku hizi, hasa wale wanaotafuta ajira, huomba kwa Kiswahili.

Devotha akamletea kigoda, akatandika gunia tupu chini yake ili sakafu isiharibike. Zita, mjukuu wao, akaleta chai. Zita alikuwa yatima wa binti yao, yuko kidato cha tatu, na alikuwa na tabia ya kutembea na daftari kwapani hata akienda kisimani. Alimwamkia mgeni, akamwekea sukari vijiko vitatu, akarudi jikoni.

Katika kijiji cha Lipandwe, kinachokaa ufukweni upande wa kusini wa Ngumbo, hakuna asiyemjua Nalusi. Kisa chake husimuliwa hivi: kabla ya Wajerumani, kabla hata ya meli ya kwanza ya chuma kuonekana ziwani, upepo wa mwera ulivuma miezi miwili bila kupumzika. Mitumbwi ikashindwa kutoka. Watu wakala mizizi, kisha wakakosa hata mizizi. Ndipo Nalusi, binti wa mkuu wa ukoo, aliposema, "Nipeni mimi," akaenda mwenyewe mpaka kwenye jiwe lililoingia majini, akatabasamu, akajitosa. Upepo ukatulia. Tangu hapo wavuvi huweka unga kidogo jiweni kabla ya msimu, na bibi harusi hulipitia jiwe hilo kimyakimya asubuhi ya ndoa, na katekista hupita njia nyingine siku hiyo ili asione. Sekondari ya kata ndogo ile inaitwa Nalusi. Juu ya lango lake wameandika kwa rangi ya bluu: KUJITOA NDIYO HESHIMA YETU.

Mwalimu Mansuetus alifundisha Kigiriki cha kale miaka thelathini na mmoja, katika seminari moja huko juu milimani, ambako wakulima wa kahawa huwapeleka watoto wao wakiomba apatikane padri. Wengi wa wanafunzi wake walikisahau Kigiriki kabla hawajafika nyumbani kwa likizo. Yeye hakukisahau. Na hakuwapenda Wagiriki wale wakubwa wa vita na falsafa. Aliwapenda Wagiriki wa vijijini. Aliwaambia wanafunzi kwamba watu wale hawakuwa na dini moja kama watu wanavyodhani. Walikuwa na dini za mahali. Mungu wa kike alikuwa mmoja, lakini kijiji hiki kilimwita Wa Kinamasi, na kile cha ng'ambo ya kilima kilimwita Aliyenyongwa, na kila kijiji kilikuwa na chemchemi yake, jiwe lake, sikukuu yake na kisa chake ambacho jirani hakukijua. Na kila mji ulikuwa na mtu wake mmoja aliyeketi akaandika habari hizo, na kila mwandishi aliupendelea mji wake.

Kwa hiyo kaka yake, Mzee Raimundi, mkuu wa ukoo wao na mwenyekiti wa kamati ya Tamasha la Nalusi, alipomwomba aandike historia ya Lipandwe, Mansuetus hakujivunga. Alistaafu akiwa na wino mwingi. Aliona kwamba hatimaye atakuwa mtu yule mmoja wa mji.

"Nieleze basi," alimwambia msichana, akafungua ukurasa mpya.

Nalusi alieleza akiwa ameshika kikombe kwa mikono miwili. Hakupandisha sauti.

"Sikuwa binti wa mkuu. Binti wa mkuu alisimama pembeni ameshika kibuyu. Mama yangu alikuja hapa na njaa, kutoka ng'ambo, akafa nikiwa sijaota meno ya pili. Sikuwa na mjomba wa kunisemea. Walinisimamisha jiweni. Babu yenu Kapwani akakoroga unga wa ulezi na maji, akanimwagia kichwani. Ukaniingia machoni. Nikatikisa kichwa. Akawageukia watu akawaambia, 'Ameitika.' Watu wakapiga vigelegele."

Devotha aliacha kugeuza usipa.

"Na upepo?" Mwalimu aliuliza. "Upepo ulitulia wakati gani? Kabla hujaanguka majini au baada?"

"Ulikuwa umetulia tangu alfajiri," alisema Nalusi. "Lakini pombe ilikuwa imeshapikwa."

Mwalimu aliandika neno hilo, kisha kalamu ikamsimama. Kila mwaka, kwenye wiki ya sita ya muhula wa kwanza, aliwaeleza waseminari jinsi Wagiriki walivyochinja ng'ombe wa sadaka. Hawakutaka kuonekana wamemlazimisha mnyama. Walimnyunyizia maji na punje za shayiri kichwani, na ng'ombe akitikisa kichwa kujikung'uta, walisema amekubali, kisha wakachinja kwa dhamiri safi. Miji kadhaa ilikuwa pia na visa vya mabinti waliokufa ili mji upone, na kote waandishi waliandika kwamba mabinti hao walikubali wenyewe. Kisa cha ng'ombe kiliwachekesha sana waseminari. Miaka thelathini na mmoja walicheka, na yeye alicheka pamoja nao.

"Kunywa chai," alimwambia Nalusi. "Nitaiandika upya."

Akaiandika upya. Ilimchukua wiki tatu. Nalusi alikuja kila Jumanne na kila Alhamisi, saa ileile, kuhakiki. Alikuwa mhakiki mgumu. Mahali Mwalimu alipoandika kwamba wazee "walisukumwa na dhiki ya wakati wao," alimwambia afute, kwa kuwa aliyesukumwa siku hiyo alikuwa mmoja tu. Devotha alijaribu kumwosha ule unga kwa sabuni ya mche. Ukatoka wote, na Alhamisi akaja nao tena. Baada ya kazi alikaa jikoni na Zita. Zita alimsomea kazi zake za shule, na Nalusi akamshikia vitabu kwa ncha za vidole ili visilowe. Siku moja Zita alimwuliza kama kulikuwa na shule enzi zake. Nalusi akasema hakukuwa, lakini hata ingekuwepo, angeenda yule mwenye kibuyu.

Kamati ilikutana Jumatano, katika darasa la kidato cha nne, wajumbe tisa kwenye madawati yaliyowabana magoti. Katibu alikuwa Lusekelo, afisa utamaduni, kijana wa Rungwe aliyehamishiwa huku mwaka jana na ambaye bado alikuwa anashangaa kwamba watu wa ziwa hili upande huu hawali ndizi kama wa kwao. Mansuetus aliisoma sura ya tatu kwa sauti, neno kwa neno, akiwa amesimama. Hakuwa amewahi kusoma vizuri namna ile. Alipofika kwa babu yao Kapwani hakumung'unya jina. Alipomaliza alisema kwamba mhusika mwenyewe yuko nje, na kama kamati inataka kumhoji, imhoji.

Nalusi akaingia. Wajumbe wote wakasimama, wakasema shikamoo kwa pamoja, naye akaitikia mara moja kwa wote. Alipewa dawati la mbele. Lusekelo akaandika kwenye muhtasari, chini ya waliohudhuria: *Mjumbe mwalikwa: Bi. Nalusi (marehemu).*

Alirudia maneno yake kama alivyoyasema barazani. Kisha Mama Beata, wa kikundi cha akina mama, akanyoosha mkono.

"Bibi, mimi nilikuja jiweni mwaka wa tano wa ndoa yangu, nikaomba mtoto. Nikampata Florian. Nilitaka kujua kama ni wewe."

"Nilikusikia," alisema Nalusi. "Lakini siyo mimi. Mimi sina cha kumpa mtu."

Mama Beata akakaa, akakunja kanga yake juu ya magoti.

Mzee Raimundi alikohoa. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliomfanya aogopwe. "Bibi, tumeyapokea maneno yako, na tunakushukuru kwa kupanda mpaka hapa kwa miguu. Lakini tufikiri pamoja. Wewe ukisema hukukubali, sisi miaka yote hii tumekuwa tunamshukuru nani? Mtu hashukuriwi kwa kitu alichonyang'anywa."

"Ndivyo," alisema Nalusi.

"Basi unauona ugumu wetu."

Lusekelo aliomba kuongeza kwamba bango limeshachapwa Mbinga, lina urefu wa mita nne, na limeandikwa ALIJITOA ILI TUISHI. Alisema hilo kwa masikitiko ya kweli. Alisema pia kwamba mgeni rasmi ameshathibitisha. Wakapiga kura. Nane waliinua mikono kwamba sura ya zamani irudi. Mansuetus alikuwa wa tisa, na aliinua mkono wake kupinga, juu kabisa, kama mwanafunzi anayejua jibu. Nalusi naye aliinua wake, lakini haukuhesabiwa kwa kuwa alikuwa mwalikwa.

Jumapili baada ya misa Mzee Raimundi alikuja barazani kwa mdogo wake, peke yake, ameshika kofia. Nalusi alikuwa ameketi kwenye ngazi. Siku hizo alikuwa anakuja hata Jumapili. Raimundi alimwamkia, akaketi.

"Mdogo wangu," alisema, "sijalala vizuri tangu Jumatano. Wewe ni msomi, na jina lako ndilo litakalokuwa juu ya kitabu. Sitaki ukoo useme nilikuziba mdomo. Nimefikiri hivi: sura ya tatu ibaki ya zamani, lakini mwishoni mwa kitabu tuweke maelezo. Ukurasa mmoja, au hata miwili. Yasomeke maneno ya Bibi yote, kama alivyoyasema."

Mansuetus akasogeza kiti chake mbele. Ukurasa mmoja! Wagiriki wake wa vijijini wangeutoa mji mzima kwa ukurasa mmoja wa kweli. "Na jina la Kapwani?"

"Na jina la Kapwani. Nitawasemea mimi mwenyewe." Raimundi akageuza kofia mkononi. "Halafu kuna hili jingine dogo. Glorious amepiga simu kutoka Mbinga."

Glorious alikuwa mwanawe, mnunuzi wa kahawa. Mkewe Stella alijifungua pacha mwezi uliopita, naye ana duka, na wasichana wa kazi hawakai. Wanamhitaji mtu wa damu. Mwaka mmoja tu. Zita angerudi kidato cha tatu mwakani, au angetafutiwa shule hukohuko mjini, ambako shule ni nyingi kuliko huku.

"Amebakiza mwaka na nusu amalize," alisema Devotha kutoka mlangoni.

"Najua, shemeji. Ndiyo maana sikuja kuamuru. Nimekuja tumwulize mwenyewe. Siku hizi mtoto huulizwa."

Zita alikuwa chini ya ukuta wa jiko anapepeta mchele kwenye ungo. Alikuwa amesikia kila neno, kwa kuwa nyumba ile haina mahali pa kutosikia. Raimundi akamwita kwa jina lake zuri, lile la nyumbani, akamweleza kuhusu pacha, jinsi walivyo wadogo, jinsi mjomba wake anavyomtegemea, na jinsi marehemu mama yake alivyokuwa hasemi hapana kwa ndugu. "Unaonaje, mama? Unakubali?"

Zita akamtazama babu yake.

Mansuetus aliyaona macho yale yakimjia, na alijua yalichokuja kutafuta. Akawaza ule ukurasa. Akawaza kwamba akimkatalia kaka yake hili, na lile litakufa. Akawaza kwamba mwaka mmoja si mwingi. Yeye mwenyewe alichelewa shule miaka miwili kwa ajili ya homa ya matumbo, na akafika mpaka Kigiriki. Akavua miwani akaanza kuifuta kwa ncha ya shati.

Upepo kidogo ulipita uani. Kapi likaruka kutoka kwenye ungo, likamwingia Zita jichoni, naye akainamisha kichwa kulitoa.

"Ameitika," alisema Mzee Raimundi, akavaa kofia.

Alipokwisha kwenda, Nalusi alibaki kwenye ngazi. Maji yaliendelea kudondoka kutoka kwenye gome lake, tone baada ya tone, kwenye ngazi ya chini.

"Mwalimu," aliuliza, "hili nalo utaliandika sura ya ngapi?"

Mansuetus aliendelea kufuta miwani. Devotha aliingia ndani, na ikasikika akifungua sanduku la nguo za Zita, kisha akilifunga, kisha akilifungua tena.

Tamasha lilifana. Watu walikuja kutoka Chiwanda mpaka Lituhi, na kwaya tatu, na ngoma, na wauza maandazi. Nalusi alikuwa amealikwa kwa barua. Alipewa kiti cha plastiki chini ya turubai, safu ya pili, nyuma ya mgeni rasmi, na mshereheshaji alimtambulisha baada ya kumtambulisha mtendaji wa kijiji. Alisimama, watu wakapiga makofi, akakaa. Alitunukiwa kitenge. Wanafunzi wa sekondari wakaigiza kisa chake, na aliyechaguliwa kumwigiza alikuwa Zita, kwa sababu alikuwa na sauti inayofika mbali. Zita alisimama kwenye meza iliyofunikwa shuka la kijivu kuwa jiwe, akasema alivyoandikiwa: "Nipeni mimi, kwa moyo mweupe." Wazee walilia. Mzee Raimundi naye alilia, na machozi yake yalikuwa ya kweli, hilo Mansuetus aliliona kwa macho yake.

Vitabu viligawiwa jioni hiyohiyo, kabla jua halijazama. Jalada lilikuwa la bluu na jina la Mansuetus lilikuwa juu, kwa herufi kubwa. Aligeuza moja kwa moja mpaka mwisho. Baada ya sura ya tisa kulikuwa na picha ya kamati, kisha picha ya mgeni rasmi, kisha jalada. Alimfuata kaka yake hadi kwenye turubai.

"Kurasa zilizidi," alisema Raimundi. "Mwenye mashine alisema lazima zigawanyike kwa nne. Toleo la pili, mdogo wangu. Toleo la pili tutaweka yote."

Jumatatu asubuhi Zita alipanda gari la kwenda Mbinga. Begi lake lilikuwa dogo. Sare alizitundika kwenye msumari nyuma ya mlango, zimefuliwa na kupigwa pasi, akamwambia bibi yake asimpe mtu kwa kuwa atazihitaji mwakani. Babu yake alimpa ile kamusi yake ndogo ya Kigiriki, kwa kuwa hakupata kitu kingine cha kumpa, na Zita akasema asante, akaiweka juu ya nguo.

Zita alipokwisha kupungiwa mkono, Nalusi aliingia ndani. Akavua gome la mti, akalianika juu ya ua. Akavaa sare za Zita. Sketi ilimpwaya kiunoni, Devotha akaibana kwa pini, na kote ilikogusana na mwili wake ikalowa. Akachukua madaftari ya Zita kwa ncha za vidole, akaenda shuleni.

Mkuu wa shule alilifikiria suala hilo kwa dakika chache. Mwezi ule wilaya ilikuwa imetuma waraka mkali kuhusu utoro, na shule yake ilikuwa imeshapoteza wasichana wanne. Alisema kwamba kwa upande wake ni afadhali mwanafunzi aliyekufa anayehudhuria kuliko aliye hai asiyehudhuria. Hakubadilisha jina kwenye daftari la mahudhurio, kwa sababu kubadilisha kunahitaji barua. Mwalimu wa zamu aliita, "Zita," na Nalusi akajibu, "Nipo." Msichana wa dawati moja naye alisogeza vitabu vyake mbali na maji, na baada ya wiki akazoea.

Alikuwa mwanafunzi mzuri. Hakuchelewa hata siku moja. Hesabu zilimpa taabu, lakini biolojia alipenda, hasa samaki, ingawa alikuwa na masahihisho mengi. Jioni alichota maji, akamsaidia Devotha kuanika usipa, akafanya kazi za shule kwenye meza ya barazani. Polepole, bila mtu kutangaza, majirani waliacha kumwamkia shikamoo. Sare ni sare. Yeye ndiye aliyeanza kuwaamkia wao, nao wakaitikia marahaba.

Zita alipiga simu Jumapili za mwanzo, kwa simu ya Stella. "Shikamoo babu. Nipo salama." Nyuma yake pacha walilia, mmoja akinyamaza mwingine anaanza. Mansuetus alimwuliza kama anapata muda wa kusoma, na Zita alisema anasoma kidogo wakilala, lakini hawalali wakati mmoja. Mwaka ulipokwisha, Glorious alipiga mwenyewe. Watoto ndio kwanza wanatambaa, alisema, na mtoto anayetambaa anataka macho kuliko anayelala. Mwakani. Aliongeza kwamba Zita mwenyewe ameshazoea, na hajalalamika. Baada ya hapo simu za Jumapili zikawa za kila mwezi, kisha za sikukuu.

Nalusi aliingia kidato cha nne kwa jina lile. Mwezi wa tano kulikuwa na mtihani wa somo jipya la historia na maadili, lile linalofundishwa kwa Kiswahili, ambamo shule zimehimizwa kutumia historia ya mahali. Walimu wa Sekondari ya Nalusi walifurahi, kwa kuwa wao kitabu walikuwa nacho tayari.

Alhamisi, saa kumi alasiri, alirudi na karatasi ya majibu. Utaratibu wa shule ni kwamba kila karatasi isainiwe nyumbani ili mzazi ajue maendeleo ya mtoto. Akaiweka mezani mbele ya Mansuetus, akasimama pembeni, mikono nyuma, kama wanavyosimama wanafunzi.

Mansuetus alisoma. Swali la kwanza alikuwa amepata, la pili amepata, la tatu amepungukiwa kidogo. Swali la nne lilisema: *Eleza sababu tatu zilizomfanya Nalusi akubali kujitoa kwa ajili ya jamii yake. Alama kumi na tano.* Chini yake, kwa mwandiko wake wa mkono wa kulia unaoinamia nyuma, Nalusi alikuwa ameandika neno moja: *Sikukubali.* Mwalimu wa somo alikuwa amelipiga alama ya mkasi kwa wino mwekundu, na pembeni ameandika sifuri, na chini ya sifuri, kwa herufi za haraka za mtu mwenye karatasi nyingi za kusahihisha: *Soma kitabu cha babu yako.*

Alisoma mara mbili. Alimtazama mtoto. Nalusi hakuwa na uso wa kulaumu wala wa kuomba. Alikuwa anangoja tu karatasi yake, kwa sababu kesho yake asiye na saini angetolewa nje ya mstari. Mansuetus alifikiri kuandika kitu pembeni. Alifikiri kwenda shuleni asubuhi, avae koti lake la seminari, aseme. Aliona jinsi ambavyo mwalimu yule kijana angesimama kwa heshima, akafungua sura ya tatu ya kitabu cha bluu, na kumwonyesha kwa kidole.

Chini ya ukurasa kulikuwa na mstari wa nukta, na maneno: *Mzazi au mlezi.* Akaandika jina lake.

"Asante, babu," alisema Nalusi.

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo. Akaichukua karatasi, akaiweka juani na kuibana kwa kokoto kwenye ncha mbili, maana ilikuwa imelowa pale aliposhika.

"Amepata ngapi?" Devotha aliuliza kutoka kwenye chanja.

Mansuetus akamwambia.

"Na wewe umetia saini," alisema Devotha. Hakuwa anauliza. Akamwita msichana aje amenye muhogo, na msichana akaenda.